Uwekezaji Usioishia Shambani: Kausha Mahindi Kabla ya Kuyahifadhi

Tunapozungumzia uwekezaji katika kilimo, fikra huelekea haraka kwenye trekta, mbegu bora na mbolea. Hata hivyo, mkulima anaweza kugharimia yote hayo, akavuna vizuri, kisha akapoteza jasho lake katika majuma machache baada ya mavuno. Chanzo kimojawapo cha hasara hiyo ni sumukuvu.

Sumukuvu huzalishwa na fangasi wanaoshambulia mahindi, karanga na mazao mengine yaliyopata ukame shambani au unyevu ghalani. Haina ladha wala harufu, na haiondoki kwa kusonga ugali wala kuchemsha makande. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kutokana na sumu hiyo, na 20 kati yao walifariki dunia.

Madhara yake hufika sokoni pia. Machi 2021, Kenya ilisitisha kwa siku chache uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Iliporuhusu tena, ilitaka shehena ziwe na cheti kuthibitisha kuwa sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni.

Kwa nini basi wakulima wengi hawakaushi ipasavyo? Si kwa uzembe. Mnunuzi anayefika kijijini mara nyingi hapimi unyevu. Mahindi yaliyokauka hupungua uzito, hivyo aliyesubiri huuza kilo chache kwa bei ileile anayolipwa jirani aliyeharakisha. Ada za shule na madeni navyo havisubiri. Ndiyo maana ukaushaji na uhifadhi hufaa kugharimiwa kwa pamoja, ili kikundi kikusanye mzigo mkubwa, mkavu, wa kumvutia mnunuzi anayejali ubora.

Kila kaya inaweza kuanza na hatua zifuatazo:

1. Anika mahindi juu ya turubai au kichanja, kamwe si kwenye udongo.

2. Hakikisha unyevu hauzidi asilimia 13.5. Asiye na kipimo atie punje na chumvi kavu katika chupa kavu, kisha aitikise. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi bado ni mabichi.

3. Chambua punje zilizovunjika, zilizooza au zenye ukungu. Zisipikiwe pombe wala kulishwa mifugo, kwa kuwa sumu hupita hadi kwenye maziwa.

4. Hifadhi katika mifuko isiyopitisha hewa, ikiwa juu ya mbao na mbali na ukuta.

Kuhusu mtaji, sheria inazitaka halmashauri zote kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kinaweza kuandika andiko la mradi wa mashine ya kupukuchua, maturubai au kipimo cha unyevu, kikatoza ada ndogo kwa huduma hiyo na kurejesha mkopo.

Wananchi wanahimizwa kumwona Afisa Ugani kwa ushauri wa ukaushaji, na Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata kwa usajili wa vikundi, mapema kabla ya mavuno. Akiba haiozi ikitunzwa. Nayo akiba ya mkulima ni nafaka yake.