Viduara vya Nuru Katika Picha za Usiku

Huenda nawe, ndugu msomaji, unayo picha ya namna hiyo. Imepigwa usiku kwa taa ya kamera, na juu ya vichwa vya watu vimeelea viduara vyeupe ambavyo hakuna aliyeviona kwa macho. Ikiwa imepigwa matangani, hakosekani wa kusema kwamba marehemu amekuja kuaga.

Masoko, kwenye mteremko wa kutoka Tukuyu kuelekea Ziwa Nyasa, ni mahali ambapo maneno hayo hupata wasikilizaji upesi. Lipo ziwa la Kisiba lililozaliwa na mlipuko wa volkano, lenye kina cha meta 38 hivi. Lipo na boma la jeshi la Wajerumani, ambao husimuliwa kwamba walipokimbia mwaka 1916 walitupa ziwani fedha na silaha. Penye masimulizi kama hayo, kiduara cheupe juu ya maji hakikawii kupewa jina.

Lakini Rungwe ni nchi ya mvua na ukungu. Tone la manyunyu lililo sentimeta 10 mbele ya kamera hupokea, kwa hesabu, mwanga mara 900 kuliko uso wa mtu aliyesimama umbali wa meta 3. Kwa kuwa li karibu mno, lenzi haiwezi kulionyesha sawasawa. Hutanuka likawa duara, kwa umbo la tundu la kamera yenyewe. Vumbi la uwanja wa ngoma hufanya vivyo hivyo. Viduara hivi viliongezeka sana zilipoenea kamera ndogo za dijitali, ambazo taa yake imebanana na lenzi.

Hatari inaanzia kwenye tafsiri. Marehemu akishaonekana pichani, ataulizwa anataka nini, kisha ni nani aliyemuua. Na kutoka hapo hadi mlangoni kwa ajuza wa jirani ni hatua chache. Wapo pia wanaonufaika na majonzi. Huko Marekani, William Mumler aliwauzia wafiwa picha zenye vivuli vya wapenzi wao. Alishtakiwa New York mwaka 1869, akaachiwa.

Kabla hujamlipa mtu akusomee picha, ijaribu mwenyewe. Piga mbili mfululizo, watu wakiwa wametulia: viduara vitahama au vitatoweka. Au kung'uta blanketi katika chumba chenye giza, kisha bonyeza kamera. Utapata mizimu ya kutosha kijiji kizima, na hapajafiwa mtu.