Unakwenda Nairobi kuangalia maigizo? Tiketi ya basi iache kwanza!

Vijana wa mjini tuna kaugonjwa kamoja. Tukisikia neno safari tu, cha kwanza nguo, cha pili basi, cha tatu nani tunaongozana naye. Kile kitu chenyewe tunachokifuata kinakuja mwisho, tena tukiwa tumeshafika. Kwa anayekwenda Nairobi kula nyama choma na kuzurura madukani, hilo halina neno. Nyama ipo siku zote. Lakini wewe mpenzi wa michezo ya kuigiza, unayetaka kukaa ukumbini ukaona watu wa kweli wakitoka jasho jukwaani, kwa mtindo huo utalia.

Sababu ni hii. Kule London kuna mchezo unaitwa The Mousetrap. Ulianza 1952 na haujaisha hadi leo, ukiacha ule muda wa korona kumbi zilipofungwa. Ukiukosa safari hii utaukuta mwakani. Nairobi si hivyo, ndugu yangu. Watu wanafanya mazoezi wiki kadhaa, halafu mchezo mara nyingi unaonyeshwa wikiendi moja tu, kwisha kazi. Alhamisi au Ijumaa wanafungua, Jumapili jioni wanakunja vyombo. Wewe uliyeingia mjini Jumatatu utabaki kusoma mabango ukutani kama mtu anayetafuta kazi.

Kwa hiyo ipange safari kinyumenyume: mchezo kwanza, kitanda pili, basi mwisho. Wiki tatu au nne kabla, tazama kwenye mitandao kumbi na vikundi vimetangaza nini. Wapenda kucheka wawatafute Heartstrings, hao kwa vichekesho vya maisha ya mjini hawana mchezo. Ukishaona tarehe, piga simu uhakikishe. Tangazo ni tangazo tu, na wasanii nao wanaugua.

Kumbi za kuanzia ni mbili. Alliance Française ipo katikati ya jiji, pale Loita na Monrovia zinapokutana. Nyingine ndiyo mama yao: Kenya National Theatre, Barabara ya Harry Thuku, jirani na Chuo Kikuu, ikitazamana na hoteli ya Norfolk. Ilifunguliwa 1952 enzi za mkoloni, ikakarabatiwa na kufunguliwa tena 2015.

Hapo National Theatre usiingie kichwa kichwa kama unaingia disko. Lile jukwaa watu wameligombania. Mwaka 1976 Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo walileta mchezo wao kuhusu kesi ya Dedan Kimathi. Kupata nafasi ilikuwa shughuli pevu, maana ukumbi ulikuwa na ratiba ya wageni, ukiwemo mchezo wa dansi kutoka Ufaransa. Mwisho wakapewa siku nane, tena wagawane na Francis Imbuga na mchezo wake wa Betrayal in the City. Siku ya ufunguzi wasanii walishuka jukwaani wakiimba, watazamaji wakajiunga nao, wakatoka wote nje wakicheza kuelekea Norfolk!

Mwaka uliofuata huyo Ngũgĩ, na mwenzake Ngũgĩ wa Mĩriĩ, wakaandika Ngaahika Ndeenda kwa Kikikuyu. Waliouigiza walikuwa wakulima na vibarua wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Serikali ikaupiga marufuku, na siku ya mwisho ya Desemba 1977 Ngũgĩ akakamatwa, akawekwa kizuizini karibu mwaka mzima bila kesi. Mwaka 1982 kundi lile lile likaja National Theatre na mchezo mwingine. Wakakuta milango imefungwa na polisi wamejaa. Ngaahika Ndeenda ilikuja kupanda jukwaa la National Theatre mwaka 2022, miaka 45 baadaye. Ngũgĩ alikuwa bado hai, amefariki 2025. Sasa ukikaa kwenye kiti chako pale, taa zikizimwa, utajua uko wapi.

Lugha je? Michezo mingi ni Kiingereza kilichochanganywa na Kiswahili na Sheng. Usiogope, ila ujue kwamba wakati Mbongo anatafsiri utani wa kwanza, ukumbi umeshacheka wa tatu. Kaa karibu na mwenyeji anayependa kunong'ona. Kama hamu yako ni Kiswahili kitupu, ulizia maonyesho ya vitabu vya fasihi vinavyosomwa sekondari. Hayo huchezwa zaidi kwa ajili ya wanafunzi, mara nyingi siku za shule, nawe hutafukuzwa kwa sababu una ndevu.

Haya, usafiri. Kutoka Dar kwa basi ni mchana kutwa na zaidi, kwa hiyo ondoka Alhamisi alfajiri, lala, Ijumaa jioni uko ukumbini ukiwa na akili zako. Anayetoka Arusha ana bahati. Ni kama kilomita 270 kupitia Namanga, anaondoka Ijumaa asubuhi na jioni yupo. Mtanzania haombi viza, lakini hati ya kusafiria lazima, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe humo humo ndani. Mifuko ya plastiki acha nyumbani, Kenya waliipiga marufuku 2017 na hawatanii.

Gesti za bei nafuu zipo upande wa River Road, ambako usingizi ni wa kubahatisha. Faida yake ni kwamba kumbi zote mbili mchana unazifikia kwa miguu. Usiku chukua teksi, usijitie ujanja. Jumamosi na Jumapili mara nyingi kuna onyesho la mchana na la jioni. Chagua la jioni Jumamosi na la mchana Jumapili, ukapange begi mapema kwa ajili ya basi la Jumatatu.

Na sweta! Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Ukumbi ukitoka saa tatu usiku mwezi wa saba, kijana wa Dar na kifulana chako utagonga meno mpaka mlinzi akuulize kama una malaria.