Zege, Boda na Kilima

Oya machalii wa Chuga, leo tupige hesabu. Denti anatoka skonga maeneo ya Sanawari, anadaka boda, dakika tano yuko kitaa. Anapita kwa muuza chipsi: zege la mayai mawili, mishikaki, soda ya baridi. Akishaingia geto ni simu mpaka usiku.

Soda ya mililita 350 ina sukari kama vijiko tisa vya chai. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni kalori kama 120, na zege linafyonza mafuta kinoma. Kuichoma hiyo soda tu, utembee fasta kama nusu saa. Hiyo nusu saa ndiyo tumemkabidhi mtu wa boda.

Madingi zetu walikula pia, tena walishiba: loshoro, makande, ndizi. Ila walikuwa wanapandisha Ilboru na kushuka mjini kwa mguu, jioni wanabeba majani ya ng'ombe. Sahani ilikuwa inakutana na kilima.

Shirika la Afya Duniani linataka mwenye miaka 5 hadi 17 autikise mwili dakika 60 kila siku, kwa wastani. Duniani kote, karibu vijana wanne kati ya watano hawafiki. Mademu ndio wanabaniwa zaidi: akivunja ungo tu, anaambiwa rede ni ya watoto, aingie jikoni.

Na kinachoniuma zaidi ni hiki. Mwana akinenepa tunamuita bonge, tunamcheka mpaka anasusa uwanja. Tumemfukuza palepale ambapo mwili wake ungefunguka! Akirudi home, maza anaona maisha yamemkubali, anamuongezea wali. Kosa la mwana liko wapi hapo?

Wakati huohuo Chuga yetu, Arusha hii, iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mkimbiaji Alphonce Simbu anapiga tizi hukuhuku. Septemba 2025 kule Tokyo alibeba dhahabu ya marathoni ya dunia, kamzidi Mjerumani kwa sekunde 0.03. Hewa yake ndiyo yetu, vumbi lake letu.

Hatuhitaji jimu ya hela. Tushuke kwenye boda, hela ya nauli tununue parachichi na ndizi za Tengeru, soda ibaki ya sikukuu. Na Jumamosi kwenye ndondo, bonge apewe namba. Ila msimweke golini, achezeshwe winga.