Joto na Baridi: Hamamu Ilikuwa Mali ya Umma (Sehemu ya Tatu)

Matangazo ya nyumba za kifahari, ambayo zamani yalijigamba kwa bwawa la kuogelea, siku hizi yanataja sauna na birika la maji ya barafu, na kila mwanamichezo anayepigwa picha akiwa amezama hadi mabegani katika pipa la barafu huongeza idadi ya wanaokitamani kitu hicho uani kwao. Jinsi joto linavyotanua mishipa ya damu na baridi inavyoibana tulikwisha kueleza, sina haja ya kurudia. Ninachodai leo ni kwamba uogaji huu tangu asili ulikuwa wa watu wengi pamoja, na anayeufungia ndani ya kuta zake hupunguza faida yake na kuongeza hatari yake.

Waroma walilijua hilo mapema. Hamamu kubwa ya Caracalla, iliyokamilika mwaka 216 mjini Roma, iliweza kupokea waogaji wapatao 1,600 kwa wakati mmoja. Mtu alipita chumba cha vuguvugu, akaingia cha joto kali, kisha akajitosa katika maji baridi. Ndio utaratibu ule ule unaouzwa leo kama uvumbuzi wa jana. Miji ya Kiislamu, kutoka Sham hadi Uajemi, iliurithi na kuuendeleza, na hamamu ikawa jirani wa msikiti na soko. Kwetu Zanzibar tunao ushahidi wa aina mbili, na ninauona una mafunzo kuliko vitabu vingi vya tiba. Sultani Seyyid Said alijenga hamamu ya Kidichi mwaka 1850, huko mashambani, kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, mjukuu wa Shah. Ilikuwa anasa ya nyumba moja. Mwanawe Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alijenga yake katikati ya Mji Mkongwe na kuifungulia umma: ndani mlikuwa na vyumba vya joto, mabirika ya maji baridi, mahali pa kunyolewa, na vyoo. Mtawala huyo huyo ndiye aliyevuta maji ya bomba kutoka chemchemi hadi mjini. Watu humkumbuka kwa jumba lake la Beit al-Ajaib. Kwa maoni yangu bomba na hamamu vinastahili sifa kubwa zaidi, kwani jumba lilikuwa la fahari yake na maji yalikuwa ya raia. Hamamu hiyo ilifungwa miaka ya 1920. Mtaa ungali unaitwa Hamamni, na watalii hulipa kiingilio kutazama mabirika makavu.

Msomaji atasema Finland inanikanusha, maana huko sauna ziko majumbani: zinakadiriwa kufikia milioni 3 kwa watu milioni 5.5. Lakini majengo mengi ya ghorofa huko yana sauna moja ya wapangaji wote, kila familia na zamu yake ya wiki, na Kotiharju, sauna ya umma iliyofunguliwa mwaka 1928 katika mtaa wa wafanyakazi wa Helsinki, ilidumu hata baada ya watu kupata zao. UNESCO ilipouingiza utamaduni huo katika orodha yake mwaka 2020, ilienzi desturi ya watu, si majiko yao. Utafiti wa Jari Laukkanen na wenzake uliotolewa mwaka 2015, uliofuatilia wanaume 2,315 wa eneo la Kuopio, huko huko Finland, kwa takriban miaka 20, uliona kwamba walioingia sauna mara 4 hadi 7 kwa wiki walipata vifo vya ghafla vya moyo kwa asilimia 63 pungufu ya walioingia mara moja. Ni kweli, utafiti wa kufuatilia watu hauthibitishi chanzo. Huenda wenye afya ndio wanaoweza kwenda mara nyingi. Hata hivyo kilichopimwa ni mazoea ya kila wiki, wala si mtambo ulionunuliwa na kusahauliwa baada ya mwezi.

Wapo wanaotaja haya na faragha. Hoja hiyo ni nzito, ila hamamu ziliijibu karne nyingi zilizopita kwa kutenga saa za wanawake na za wanaume. Upweke nao una hatari yake: maji ya chini ya nyuzi 15 humfanya mtu avute pumzi kwa ghafla bila hiari na moyo kwenda mbio, na kichwa kikiwa majini pumzi hiyo ni maji. Asiye na mtu kando yake hana wa kumtoa.

Anayeng'ang'ania kujenga ajue haya. Dari lisipite mita 2.3 hivi, jiko liwe na takriban kilowati 1 kwa kila mita moja ya ujazo, hewa iwe na pa kuingilia na pa kutokea, umeme uwe na swichi inayokata ukivuja. Birika la nyuzi 10 hadi 15 linatosha. Katika Dar es Salaam litahitaji mtambo wa kupoza unaofanya kazi karibu wakati wote, na bili yake hailingani na dakika mbili za kuoga. Liwe na kifuniko cha kufungwa kwa ajili ya watoto. Mwenye maradhi ya moyo, shinikizo la damu au mimba amwone daktari kwanza. Pombe, kamwe.

Ama wasimamizi wa Mji Mkongwe, kuta za Hamamni bado zimesimama. Yarudisheni maji, hata kwa siku mbili za wiki, moja ya wanawake na moja ya wanaume, na kiingilio kiwe anachoweza kukimudu mchukuzi wa bandarini.