Kivu Kaskazini: Ndama wa kununua, maziwa atayapata wapi?

Ndama wa siku tano hafiki mbali kwa miguu yake. Mara nyingi anatoka kwa muuzaji akiwa amefungwa nyuma ya pikipiki, au amelazwa kati ya magunia ya viazi ndani ya gari, na anapofika kwa mwenye kumnunua giza limekwisha kuingia na hajanyonya tangu asubuhi. Anawekewa maziwa ndani ya beseni. Ananusa, anageuza kichwa. Siku ya tatu anaanza kuharisha, siku ya tano hasimami tena, na pesa imekwenda.

Kwenye vilima vya Masisi, Rutshuru, Nyiragongo na Lubero, kisa hicho hakimshangazi mfugaji yeyote. Jimbo hili limepoteza ng'ombe mara nyingi. Vita vilivyoanza Masisi mwaka 1993 na vile vilivyofuata mwaka 1996 vilimaliza makundi mengi, na wenye mashamba walichukua miaka kuyajenga upya. Kisha mapigano ya M23 yakaanza tena mwishoni mwa mwaka 2021, hadi mji wa Goma ukatekwa Januari 2025. Ng'ombe waliibwa, wengine wakachinjwa porini, wengine wakauzwa kwa haraka na watu waliokuwa wanakimbia.

Anayetaka kuanza tena baada ya hasara kama hiyo mara nyingi hana bei ya ng'ombe mzima. Ndama mchanga ndiye anayeweza kumfikia. Lakini ndama mchanga anauzwa bei ndogo kwa sababu: mama yake amekufa au ameibwa, au ni dume ambalo mwenye ng'ombe wa maziwa hataki limalize maziwa ya kuuza, au ni dhaifu na muuzaji amekwisha kuona hilo. Mnunuzi ananunua pamoja na ndama kazi ya miezi miwili mpaka mitatu ambayo mama yake angeifanya bure.

Swali la kwanza si bei

Kuna swali moja ambalo linapaswa kutangulia mazungumzo ya bei, na wanunuzi wengi hawaliulizi: je, ndama huyu alinyonya siku aliyozaliwa?

Ng'ombe hampi mtoto wake kinga ya magonjwa akiwa bado tumboni. Kinga inakuja na maziwa ya kwanza, yale mazito ya rangi ya manjano yanayoitwa dang'a. Matumbo ya ndama yanaipokea kinga hiyo kwa muda mfupi tu. Saa sita za kwanza ndizo bora. Baada ya siku moja mlango umefungwa, na dang'a ikinywewa baadaye ni chakula kizuri lakini haiingizi tena kinga mwilini. Ndama wa kilo 30 anahitaji kama lita tatu katika saa hizo za mwanzo. Aliyezikosa anaweza kuonekana mzima wiki nzima, kisha akaangushwa na ugonjwa mdogo ambao ndama mwenzake hata hauhisi.

Muuzaji anaweza kudanganya, bila shaka. Ndiyo maana macho ya mnunuzi yana kazi. Kitovu kiwe kimekauka, kisivimbe wala kutoa usaha. Mkia na mapaja ya nyuma viwe safi. Magoti yasiwe yamevimba. Ukimtilia kidole mdomoni, avute kwa nguvu. Ndama asiyevuta kidole hafai kupandishwa pikipiki. Na kama bei inaruhusu, ndama wa majuma mawili au matatu ni afadhali kuliko wa siku mbili, kwa sababu wale waliokosa dang'a wengi wanakuwa wamekwisha kujionyesha, au wamekwisha kufa mikononi mwa muuzaji.

Ng'ombe aliyefiwa

Kwa mwenye ng'ombe anayekamuliwa, njia ya kwanza ni kumpa ndama mgeni mama mwingine. Wachungaji wa eneo hili hawakufundishwa jambo hilo na mradi wowote. Ng'ombe wa Ankole, yule wa pembe ndefu, kwa kawaida hashushi maziwa kama ndama hayuko karibu. Ndama wake akifa, maziwa nayo yanakauka baada ya muda mfupi, na mwenye ng'ombe anapoteza mara mbili. Ng'ombe wa namna hiyo na ndama yatima wa kununua wanahitajiana.

Kazi ngumu ni kumshawishi ng'ombe. Anamjua mtoto wake kwa harufu zaidi kuliko kwa macho, na ndama mgeni ana harufu ya zizi lingine. Mbinu ya zamani ni kumchuna ndama aliyekufa na kumvika mgeni ngozi yake kwa siku mbili tatu, hadi maziwa ya mama mpya yapite tumboni mwake na harufu ya kinyesi chake ibadilike. (Ngozi ivuliwe kabla haijaoza, na isitumiwe kabisa ikiwa ndama alikufa kwa ugonjwa wa kuambukiza. Hapo ni kuupeleka ugonjwa kwa mkono.) Wengine wanampaka mgeni maziwa ya ng'ombe huyo mgongoni, au maji ya chumvi, ili ng'ombe aanze kumlamba. Akimlamba bila kumpiga teke, nusu ya safari imekwisha.

Siku za kwanza ng'ombe anafungwa, kichwa kwenye mti na mguu wa nyuma kwa kamba laini, na ndama analetwa mara mbili au tatu kwa siku mtu akiwa amesimama hapo. Wasiachwe pamoja usiku kabla ng'ombe hajamwita ndama mwenyewe. Baadhi ya ng'ombe wanakubali siku ya pili. Wengine hawakubali kamwe, na hakuna aibu kumwacha huyo na kujaribu mwingine.

Mnyama mmoja anaweza kulea ndama wangapi? Jibu liko kwenye ndoo ya kukamulia. Kila ndama anahitaji lita nne hadi tano kwa siku. Ng'ombe wa Ankole mwenye maziwa kidogo analea mmoja, na hata huyo mwenye shamba asitarajie kikombe cha chai. Wale waliochanganywa na damu ya Frisonne au Brune des Alpes, ambao Kivu inawajua tangu zamani, wanaweza kulea wawili au watatu ikiwa majani ni mazuri. Ndama hao wawe wa umri mmoja, kwa sababu mkubwa anamsukuma mdogo na kumaliza chuchu zote. Ng'ombe mwenyewe apewe chakula zaidi na chumvi. Mlezi anayekonda atachelewa kutafuta dume, na mwaka ujao hapatakuwa na ndama wake.

Faida ya njia hii inaonekana kwa macho. Ndama ananyonya kidogo kidogo mara nyingi, maziwa yana joto la mwili, hayajapita kwenye bidoni wala ndoo chafu, na kuhara kunapungua. Hasara yake ni kwamba ugonjwa wa ng'ombe unakuwa wa ndama. Mwenye kiwele kilichovimba, au aliyewahi kutupa mimba bila sababu kujulikana, asipewe ndama wa mtu kabla muganga wa mifugo hajampima. Kutupa mimba kunaweza kuwa ishara ya brucellosis, ambayo inampata na binadamu.

Biberoni na ndoo

Asiye na malisho hana njia hiyo. Wapo wengi leo: waliokimbilia pembezoni mwa miji, wanaofuga ndama mmoja uani kwa majani ya kukata. Kwao kunabaki chupa yenye chuchu ya mpira, ambayo kila mtu anaiita biberoni, au ndoo.

Kipimo ni sehemu moja ya kumi ya uzito wa ndama, au zaidi kidogo. Ndama wa kilo 35 anakunywa kama lita nne kwa siku, mbili asubuhi na mbili jioni, saa zile zile kila siku. Huko Masisi, ambako vilima vingi vinapita mita 2.000 na usiku ni baridi kali, aongezewe kidogo na alale juu ya majani makavu, kwa sababu sehemu ya maziwa inaungua kwa kupasha mwili joto tu. Maziwa yawe na joto la digrii 38 au 39. Ukiyadondosha nyuma ya mkono usihisi moto wala baridi.

Chuchu inashikwa juu kidogo ya mgongo wa ndama ili anyooshe shingo kama anavyofanya chini ya mama yake. Kunyonya ndiko kunakofunga mfereji unaoyapeleka maziwa moja kwa moja kwenye tumbo linaloyasaga. Anayemfungua ndama mdomo na kummiminia kwa chupa ya bia, jambo linaloonekana kila siku, anayapeleka maziwa pengine tumboni pasipofaa, pengine kwenye mapafu. Ndama anayekohoa baada ya kunyweshwa hivyo ana hatari ya kufa kwa ugonjwa wa mapafu, na mwenyewe atalaumu baridi. Kwa ndoo, ndama anafundishwa kwa vidole viwili ndani ya maziwa; anavinyonya, anavuta maziwa pamoja navyo, kisha vidole vinaondolewa pole pole. Wengine wanaelewa siku ya kwanza, wengine wanamwaga ndoo juma zima.

Chupa, chuchu na ndoo vinaoshwa kila mara kwa maji ya moto na sabuni, kisha vinainamishwa juani vikauke. Maziwa yaliyoganda ndani ya chuchu yameua ndama wengi, na hayapigi risasi.

Kosa lingine ni la umaskini, na si rahisi kumlaumu anayelifanya. Maziwa yana bei, watoto wa nyumbani nao wanayataka, mwenye kutengeneza jibini analipa hapo hapo. Basi ndama anapewa lita moja ya maziwa na lita moja ya maji. Tumbo linajaa, mwili haupati kitu, na majuma mawili baadaye mbavu zinahesabika. Wengine wanampa maji yanayobaki baada ya jibini ya Masisi kukamuliwa. Maji hayo yanafaa nguruwe. Kwa ndama mchanga mafuta yamekwisha kutoka, na sehemu kubwa ya kile kinachojenga mwili pia. Maziwa ya unga ya ndama hayapatikani kila mahali, na yakipatikana yafuatwe maandishi ya mfuko, kwa kawaida gramu 125 kwa lita, bila kupunguza.

Hesabu yenyewe si ngumu. Lita nne kwa siku 60 ni lita 240. Mwenye kutaka ndama azidishe hizo lita kwa bei ya maziwa ya kilima chake, aongeze bei ya ndama, kisha aulize bei ya ndama aliyekwisha kuacha kunyonya. Mara nyingi atakuta huyo wa pili, ambaye alionekana ghali, ndiye rahisi. Na asiye na maziwa wala pesa ya kuyanunua afadhali aanze na mbuzi.

Akianza kuhara

Kuhara ndiko kunakoua ndama wengi wa kununua katika majuma matatu ya kwanza, na kinachoua ni kukauka kwa maji mwilini. Macho yanazama. Ngozi ya shingo ikifinywa inabaki imesimama badala ya kurudi. Watu wengi hapo wanamnyima maziwa, na hilo linaongeza njaa juu ya ugonjwa. Aendelee kunywa maziwa yake, na katikati ya milo apewe serumu ya kunywa, ile ile ya farmasi inayopewa watoto, lita moja au mbili kila mara, bila kuichanganya na maziwa. Asiyeweza kusimama wala kunyonya anahitaji muganga siku hiyo hiyo, si kesho. Anayemhudumia anawe mikono kwa sabuni, maana baadhi ya magonjwa hayo yanawaharisha watoto pia.

Mgeni akae peke yake majuma mawili au matatu kabla ya kuchanganywa na wengine. Kila jioni masikio yake yatazamwe ndani. Kupe wa masikio ndiye anayeleta ndigana kali, ambayo waganga wanaiita teileriozi, na dalili yake ya kwanza ni uvimbe chini ya sikio pamoja na homa.

Tangu juma la kwanza awekewe maji safi na majani laini, na pumba kidogo mkononi. Hatakula kitu mwanzoni. Lakini bila kutafuna, tumbo kubwa la majani halikui, na ndama aliyeishi kwa maziwa peke yake anaporomoka siku anapoyakosa. Wa biberoni anaweza kuachishwa anapokula kilo moja ya pumba kwa siku, siku tatu mfululizo, kama juma la nane hadi la kumi. Aliye kwa ng'ombe mlezi anaachwa hadi mwezi wa tatu au wa nne, kisha anahamishiwa upande wa pili wa uzio, mahali wanapoweza kunusana lakini chuchu haifikiki. Wanaitana siku mbili au tatu, usiku kucha, majirani wanalalamika. Siku ya nne ng'ombe anarudi kula majani, na ndama naye anainamisha kichwa.