Stelingi Ikianza Kucheza Usisubiri Mzigo: Jinsi ya Kubadili Tairodi Endi Mwenyewe Nyumbani

Leo naweka pembeni mbolea na viuatilifu. Naongelea kifaa kidogo cha chuma kinachoenea kwenye kiganja cha mkono, lakini ndicho kinachoamua kama nyanya zako zitafika sokoni na wewe ukiwa mzima. Mafundi wanakiita tairodi endi.

Najua utauliza, bwana shamba na mambo ya gereji wapi na wapi? Subiri nikueleze kilichonikuta.

Msimu uliopita nilikuwa natoka kijiji kimoja cha juu huku Kilolo, nateremka Ilula. Nyuma ya pikapu yangu kulikuwa na matenga 14 ya nyanya za kikundi cha vijana, na mbele nimekaa na mwenyekiti wao pamoja na dada yake. Kwa wiki kama tatu stelingi ilikuwa inagonga, tak tak, kila nikipita kwenye mashimo. Nikawa najisemea nitaangalia Jumamosi. Zikapita Jumamosi tatu.

Tumebakiza kama mita 200 kufika lami, nikakata kona taratibu. Mara tairi la kulia likageukia nje lenyewe, na usukani ukawa hauniitikii. Gari likaburuta na kusimama kwenye tuta la shamba la mtu. Hakuna aliyeumia, kwa sababu mwendo wangu ulikuwa kama wa baiskeli. Yule dada hakusema neno. Alishuka, akakaa chini kwenye nyasi.

Nikachungulia chini ya gari. Kichwa cha tairodi endi kilikuwa kimechomoka kwenye kikombe chake.

Mnaoijua barabara yetu mnajua kwamba ukitoka Ilula kwenda Dar unakutana na mteremko wa Kitonga. Siku mbili kabla ya hapo nilikuwa nimeteremka Kitonga na gari hilohilo, nikiwa na mke wangu na mtoto.

Fuso iliyokuwa inasubiri mzigo ikaondoka bila sisi. Kesho yake zile nyanya zikauzwa kwa bei ya kuhurumiwa. Mwenyekiti akaniambia kwa upole tu: "Afisa, si wewe ndiye unayetufundisha kukagua shamba mara mbili kwa wiki?" Sikuwa na jibu.

Ndiyo maana ya makala hii.

Tairodi endi ni nini?

Ukizungusha usukani, nguvu inaingia kwenye reki ya stelingi. Reki inasukuma au kuvuta fimbo mbili za chuma, moja kila upande. Hizo fimbo ndizo tairodi. Kule ndani zinapoungana na reki kuna kiungo kinaitwa reki endi. Huku nje, zinaposhika mkono wa chuma unaogeuza tairi, ndipo ilipo tairodi endi. Ndani yake kuna kichwa cha mviringo kinachozunguka kwenye kikombe chenye grisi, kama nyonga ya binadamu. Juu kinafunikwa na mpira mweusi.

Mpira ukichanika, vumbi na tope vinaingia, grisi inatoka, chuma kinaanza kula chuma. Barabara zetu za mashambani zinaharakisha kazi hiyo. Mpangilio huu upo kwenye magari mengi madogo tunayotumia, kama Probox, Noah na Hilux za miaka ya karibuni. Magari ya zamani na malori yana viungo vingi zaidi na boksi la stelingi badala ya reki, kwa hiyo hatua zinatofautiana kidogo.

Dalili zake

Kantangaze haianzi kwa kuangusha shamba zima. Inaanza na mistari midogo kwenye jani, na mkulima makini anaiona mapema. Tairodi endi nayo iko hivyohivyo. Angalia haya:

- Usukani unacheza, yaani unauzungusha kidogo na tairi haziitikii.
- Mlio wa kugonga mbele ukipita kwenye mashimo au ukikata kona.
- Gari linayumba, kila saa unalirekebisha kwenye barabara iliyonyooka.
- Tairi za mbele zinalika upande mmoja, wa ndani au wa nje.

Sasa thibitisha. Piga jeki mbele, weka stendi, halafu shika tairi kwa mikono miwili, mmoja kushoto mmoja kulia, litikise. Likicheza, mwambie mwenzako aendelee kutikisa huku wewe unaangalia tairodi endi. Ukiona kichwa kinachezacheza kwenye kikombe, umempata mwizi. Kama tairodi endi imetulia lakini fimbo yenyewe inacheza kule ndani, tatizo ni reki endi. Kisha shika tairi juu na chini. Likicheza hivyo, mara nyingi ni bolijointi au beringi, na hiyo ni kazi nyingine.

Vitu vya kuandaa

Jeki imara na stendi zake, wili spana, spana za saizi ya gari lako, plaizi, nyundo mbili, brashi ya waya, mafuta ya kulegeza kutu, tepu ya kupimia, rangi kidogo au chaki, na tairodi endi mpya pamoja na pini yake. Dukani taja aina ya gari, mwaka na upande, maana ya kulia na ya kushoto zinaweza kutofautiana. Nenda na ya zamani kama inawezekana, uzilinganishe. Bei yake ni ndogo kuliko bei ya tairi moja jipya, kwa hiyo usinunue ile ya bei ya kutupa isiyo na jina. Hicho kifaa kinabeba uhai wa watu.

Na hili nalirudia kama wimbo: usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Kama huna stendi, tumia magogo mapana ya mti mgumu yaliyokatwa vizuri. Usitumie matofali, ya kuchoma wala ya saruji. Yanapasuka bila kupiga hodi.

Hatua kwa hatua

1. Egesha sehemu ngumu na tambarare. Vuta handibreki, weka gia, weka vizuizi nyuma na mbele ya tairi za nyuma. Legeza nati za tairi kidogo kabla ya kupiga jeki. Kisha inua, weka stendi sehemu imara ya chasisi, toa tairi. Lile tairi lilaze chini ya gari. Gari likianguka litaangukia tairi, si mguu wako.

2. Zungusha usukani mpaka uione tairodi endi vizuri. Safisha nyuzi kwa brashi ya waya, mwagia mafuta ya kulegeza kutu, kanywe chai. Dakika 15 za kusubiri zinaokoa saa nzima ya kupigana na nati.

3. Pima. Hii ndiyo hatua ambayo watu wengi wanairuka na baadaye wanalia. Tumia tepu kupima kutoka katikati ya kichwa cha tairodi endi mpaka alama utakayoiweka kwenye fimbo kwa rangi. Andika namba hiyo kwenye simu. Kisha legeza loki nati, ile inayobana tairodi endi kwenye fimbo, kiasi cha robo mzunguko tu. Ukiiacha hapohapo itakuonyesha pa kurudia.

4. Nyoosha ile pini iliyopindwa, ichomoe kwa plaizi, uitupe. Legeza nati ya juu lakini usiitoe yote, iache ishikilie nyuzi chache ili kiungo kisikurukie usoni kikiachia.

5. Kuachanisha. Kichwa kimekaa kwenye tundu lenye umbo la koni, kwa hiyo kimebana kwelikweli. Kama una kifaa cha kuvutia, kitumie. Kama huna, weka nyundo moja nyuma ya mkono wa chuma kama nanga, na kwa nyundo ya pili gonga ubavu wa mkono huo, pale palipo na tundu. Mapigo mawili matatu ya nguvu, utasikia kimeachia. Usigonge ncha yenye nyuzi hata kama umekasirika, na angalia usiguse waya wa ABS wala paipu ya breki.

6. Toa nati, kisha fungua tairodi endi kwa kuizungusha huku unahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, mpaka itoke. Yangu ilitoka kwa mizunguko 19. Andika.

7. Safisha nyuzi za fimbo, paka grisi kidogo kwenye nyuzi hizo tu. Funga mpya kwa mizunguko ileile. Halafu pima tena kwa tepu. Mpya ikiwa na urefu tofauti na ya zamani, fuata kipimo cha tepu, siyo idadi ya mizunguko.

8. Futa tundu la koni kwa kitambaa likauke kabisa. Hapo hapapakwi grisi, maana koni inashika kwa kukaa kavu. Ingiza kichwa, kaza nati. Kama nati inazunguka pamoja na kichwa, sukuma tairodi endi kwa kipande cha mti ili koni ibane, kisha endelea kukaza.

9. Kaza kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, kwa spana ya kupimia nguvu. Ukifika hapo na tundu la pini halijalingana na pengo la nati, endelea kukaza kidogo mpaka lilingane. Usirudishe nyuma. Weka pini mpya, pinda miguu yake. Kama nati ni ya aina yenye plastiki ndani na haina pini, weka nati mpya.

10. Kaza loki nati huku umeishikilia tairodi endi isizunguke. Hakikisha mpira wa reki haujajisokota. Rudisha tairi, shusha gari, kaza nati za tairi kwa mtindo wa msalaba.

Geuza usukani mwisho wa kulia na mwisho wa kushoto. Kila kitu kiende bila kugusa wala kugonga. Halafu angalia na upande wa pili. Zote mbili zimepita barabara moja, kwa hiyo mara nyingi zimechoka pamoja.

Usiishie hapo: alaimenti

Hata ukipima vizuri namna gani, tepu ya nyumbani haifikii mashine. Kosa la milimita chache linatosha kufanya tairi zikokotwe upande badala ya kuzunguka, na tairi mpya itaisha mapema. Kwa hiyo endesha taratibu, bila mzigo, moja kwa moja mpaka kwenye gereji yenye mashine ya alaimenti. Kazi yako ya nyumbani imekupa gari la kukufikisha huko. Haijakupa kibali cha kubeba matenga 40 kwenda sokoni.

Baada ya siku chache za kutembea, chungulia tena. Pini ipo? Loki nati imekaza? Dakika tano tu.

Wapi uweke spana chini

Kujitegemea ni kuzuri, ila kuna mahali pa kumwita fundi. Mwite ukiona nyuzi za fimbo zimelika, tundu la koni limetanuka na kichwa kipya kinacheza, mafuta yanavuja kwenye mpira wa reki, au fimbo imepinda. Reki endi nayo inahitaji vifaa na uzoefu zaidi, mara ya kwanza ifanye ukiwa na fundi pembeni. Na kama hujawahi kabisa kufungua kitu kwenye gari, hii ya kwanza mlipe fundi, wewe kaa naye uangalie. Angalau utajua kama amebadilisha kweli, na kama ameweka pini.

Wenye trekta msijione mmesalimika. Mbele ya trekta kuna viungo vya namna hiihii, na shamba lenye visiki na mabonde linavitesa. Vyenye nipo ya grisi vipigwe grisi kwa ratiba ya kitabu.

Ratiba yangu ya sasa

Kila ninapobadilisha oili, natikisa tairi za mbele. Kabla ya msimu wa kuvuna, natikisa. Nikiingia shimo kubwa, natikisa siku hiyohiyo. Na mlio wowote mpya kwenye stelingi hausubiri Jumamosi.

Kile kikundi bado nafanya nacho kazi. Mwezi uliopita mwenyekiti alinunua gari lake la kwanza, limetumika sana lakini injini nzima. Kabla hatujaongea mambo ya kitalu, aliniomba jeki. Tukalala chini sote wawili kwenye mavumbi. Ya kushoto ilikuwa inacheza. Tukaibadilisha palepale uani kwake, yeye ndiye aliyekuwa anahesabu mizunguko kwa sauti, na dada yake ameshika tochi.

Nendeni mkatikise tairi zenu leo, kabla ya kupakia. Tukutane shambani.