MALENGO YA KUFUNDISHA TAKWIMU NA UWEZEKANO KATIKA SHULE ZA SEKONDARI: MAELEZO KWA WATUMISHI NA WANANCHI

Watumishi wa Serikali na wananchi wote wanaarifiwa kwamba ukurasa huu, kwa toleo hili, umetengwa kueleza malengo ya kufundisha Takwimu na Uwezekano katika shule za sekondari. Maelezo haya yametolewa kwa sababu wazazi wengi huyaona mafunzo hayo katika madaftari ya watoto wao bila kujua yanakusudia nini, na kwa sababu watumishi wengi husoma na kuandika taarifa zenye takwimu kila siku.

Mifano mingi imechukuliwa Kwa Sadala, Wilaya ya Hai, Mkoa wa Kilimanjaro, mahali penye soko kando ya barabara kuu ya Moshi na Arusha. Msomaji wa Visiwani asishangae. Watoto wa Tanzania Bara na wa Zanzibar hufanya mtihani mmoja wa Kidato cha Nne chini ya Baraza la Mitihani la Tanzania, na yanayomhusu mwanafunzi wa Hai yanamhusu vilevile mwanafunzi wa Unguja na Pemba.

1. SABABU YA JAMBO HILI KUMHUSU KILA MTU

Katika Sensa ya mwaka 2012 Mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa na watu 1,640,087, na Zanzibar watu 1,303,569. Katika Sensa ya mwaka 2022 Kilimanjaro ilihesabiwa watu 1,861,934, na Zanzibar watu 1,889,773. Yaani, katika miaka kumi Zanzibar, iliyokuwa nyuma kwa watu zaidi ya 336,000, iliipita Kilimanjaro kwa watu wapatao 28,000. Ongezeko la Zanzibar ni kiasi cha asilimia 45, na la Kilimanjaro ni kiasi cha asilimia 13 na nusu.

Msomaji asiye na mafunzo atagawa asilimia 45 kwa miaka kumi, kisha atasema Zanzibar imeongezeka kwa asilimia 4.5 kila mwaka. Hesabu hiyo si sahihi. Watu walioongezeka mwaka wa kwanza nao huingia katika hesabu ya mwaka wa pili, kama faida ya benki inavyozaa faida nyingine. Kiwango sahihi ni kiasi cha asilimia 3.7 kwa mwaka. Afisa anayepanga idadi ya madarasa au vitanda vya hospitali kwa kiwango kisicho sahihi atakosea kwa maelfu ya watu baada ya miaka michache.

Aidha, tarakimu hizo peke yake hazisemi sababu. Je, tofauti hiyo imetokana na uzazi, vifo, au watu kuhamia na kuhama? Mwanafunzi aliyefundishwa vizuri hajibu papo hapo, bali huuliza ni takwimu gani nyingine zinahitajika.

2. MAHALI PA MAFUNZO HAYA KATIKA MUHTASARI

Muhtasari wa Hisabati wa mwaka 2005 uliiweka mada ya Takwimu katika Kidato cha Pili na cha Tatu, na Uwezekano katika Kidato cha Nne. Kidato cha Tano na cha Sita mada hizo hurudiwa kwa kina zaidi. Mitaala mipya ilianza kutekelezwa kwa awamu mwaka 2024, na msisitizo wake ni ujuzi ambao mwanafunzi anaweza kuutumia maishani. Msisitizo huo unazifaa sana mada hizi mbili.

Nchi nyingine nazo zimelitazama jambo hili. Chama cha Watakwimu cha Marekani kilitoa mwongozo kwa shule mwaka 2007 na kuurekebisha mwaka 2020. Mwongozo huo unaigawa kazi ya takwimu katika hatua nne: kuuliza swali, kukusanya takwimu, kuzichambua, na kuyafasiri matokeo. Katika madarasa mengi mkazo huwekwa kwenye hatua ya tatu peke yake, kwa kuwa ndiyo rahisi kutungiwa mtihani. Malengo yafuatayo yanagusa hatua zote nne.

3. LENGO LA KWANZA: KUKUSANYA TAKWIMU BILA UPENDELEO

Tuchukue kwamba wanafunzi wameagizwa kuchunguza ni magari mangapi hupita Kwa Sadala kwa siku. Wakisimama barabarani siku ya soko peke yake, watapata idadi kubwa kuliko ya siku za kawaida. Wakihesabu asubuhi tu, hawataona magari ya jioni. Kosa hilo halirekebishwi kwa kuhesabu kwa makini zaidi, kwani tatizo liko katika uteuzi wa siku na saa. Hivyo basi, mwanafunzi anatakiwa ajue kuchagua sampuli kwa namna ambayo kila siku na kila saa ina nafasi ya kuchaguliwa.

Hapa ndipo mwanafunzi anapofahamu tofauti ya sensa na uchunguzi. Sensa huhesabu watu wote. Uchunguzi, kama ule wa Demografia na Afya wa mwaka 2022, huuliza kaya chache zilizoteuliwa kwa utaratibu maalumu ili ziwakilishe zote. Mwananchi anayeelewa jambo hili hatasema, "Mimi sikuulizwa, kwa hiyo matokeo ni ya uongo."

4. LENGO LA PILI: KUCHAGUA WASTANI UNAOFAA

Bei zifuatazo ni za mfano tu. Mikungu saba ya ndizi imeuzwa sokoni kwa shilingi 8,000, 9,000, 9,000, 10,000, 11,000, 12,000 na 25,000. Jumla ni shilingi 84,000, na ikigawanywa kwa saba wastani ni shilingi 12,000. Lakini mikungu mitano kati ya saba iliuzwa chini ya bei hiyo, na mmoja tu uliuzwa juu yake. Mkungu mmoja mkubwa umeuvuta wastani wote juu. Bei ya katikati, zikipangwa kuanzia ndogo hadi kubwa, ni shilingi 10,000, na bei iliyojirudia zaidi ni shilingi 9,000.

Majibu yote matatu ni sahihi, ila kila moja linajibu swali lake. Mnunuzi wa jumla anayetaka kununua mikungu yote atatumia 12,000. Mama anayeshuka kutoka Masama na mkungu mmoja kichwani, akitaka kujua atarajie nini, atasaidiwa zaidi na 10,000. Mwanafunzi anayejua kukokotoa namba zote tatu lakini hajui ipi itumike wapi, hajalifikia lengo. Hali ni hiyo hiyo kwa taarifa za mishahara na mapato: wachache wenye kipato kikubwa huweza kuufanya wastani upendeze ilhali walio wengi wako chini yake.

5. LENGO LA TATU: KUFAHAMU MTAWANYIKO

Kilimanjaro na Visiwa vya Unguja na Pemba vyote vimo katika maeneo yanayopata misimu miwili ya mvua, yaani Vuli na Masika. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotangaza "mvua za wastani" haikusudii kiasi kimoja kamili. Maana yake ni mvua iliyo kati ya asilimia 75 na asilimia 125 ya wastani wa muda mrefu. Kwa mfano, mahali ambapo wastani wa msimu ni milimita 400, mvua ya milimita 300 na ya milimita 500 zote huitwa za wastani. Mkulima anayedhani neno hilo lina maana ya "mvua ya kutosha" anaweza kupanda mbegu isiyostahimili.

Tena, jumla ya msimu haisemi mvua ilinyesha siku zipi. Milimita 400 zilizosambaa katika wiki kumi hukuza mahindi, na milimita hizo hizo zikinyesha katika wiki mbili huweza kuyaharibu. Kwa hiyo mwanafunzi afundishwe kuuliza, baada ya kusikia wastani, kwamba takwimu zenyewe zimetawanyika kwa kiasi gani.

6. LENGO LA NNE: KUUELEWA UWEZEKANO NA KUUTUMIA

Mfano wenye uzito kuliko yote ni wa ugonjwa wa selimundu. Baba na mama wakiwa wote wawili wamebeba kinasaba kimoja cha ugonjwa huo bila wao wenyewe kuugua, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuzaliwa mtoto mgonjwa, 2 kati ya 4 wa mtoto atakayebeba kinasaba bila kuugua, na 1 kati ya 4 wa mtoto asiye nacho kabisa.

Baadhi ya wazazi huweza kuifahamu kauli hiyo visivyo, wakidhani kwamba mtoto wa kwanza akiwa mgonjwa, watatu wanaofuata wamesalimika. Sivyo. Kila mimba huanza upya, na haikumbuki iliyotangulia. Kwa familia yenye watoto wanne, uwezekano wa kutokuwepo hata mgonjwa mmoja ni 81 kati ya 256, karibu theluthi moja. Uwezekano wa kuwepo angalau mmoja ni zaidi ya theluthi mbili.

Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili kwa sarafu mbili, moja badala ya baba na nyingine badala ya mama. Upande wa picha uwe ndio kinasaba cha ugonjwa. Kila mwanafunzi arushe sarafu zote mbili mara 20 na kuandika ni mara ngapi picha mbili zimetokea pamoja. Mmoja atapata mara 2, mwingine mara 8, na wataona kwamba bahati haina mpangilio katika marudio machache. Matokeo ya darasa zima yakijumlishwa, yatakaribia robo. Katika zoezi hilo mwanafunzi anaona kwa macho yake kwamba uwezekano hauahidi tukio moja, bali hueleza mwenendo wa matukio mengi. Ndiyo sababu vilevile msimu mmoja wa mvua uliokwenda kinyume na utabiri hauthibitishi kwamba utabiri haufai. Utabiri hupimwa kwa misimu mingi.

7. UPUNGUFU ULIOPO NA WAJIBU WA KILA MMOJA

Katika matokeo ya Kidato cha Nne ya miaka ya 2022 na 2023, watahiniwa waliofaulu Hisabati hawakufikia theluthi moja. Kwa hiyo vijana walio wengi humaliza shule bila kuthibitisha kwamba wanaweza kuisoma takwimu, ilhali ni wao watakaosoma matangazo ya mikopo, maelezo ya dawa na taarifa za bajeti.

Mada hizi hazihitaji vifaa vya gharama. Zinahitaji daftari, sarafu, soko lililo karibu, na mwalimu aliye tayari kuwatoa wanafunzi nje ya darasa. Kwa kuwa masomo ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, wazazi wanaombwa wawatake watoto wao wawaeleze nyumbani, kwa Kiswahili, walichojifunza kuhusu wastani, sampuli na uwezekano. Mtoto anayeweza kumweleza bibi yake kwa nini "1 kati ya 4" haina maana ya "mmoja baada ya watatu" amelielewa somo.

Watumishi nao wanakumbushwa kwamba kila taarifa yenye takwimu ieleze zimekusanywa wapi, lini, na kwa watu wangapi. Msomaji aliyefundishwa vyema ana haki ya kuuliza hayo, na anastahili kupewa jibu.